Zamu ya Usingizi Ndani ya Kompyuta

Askari aliyepata kushika zamu usiku ajua tofauti ya kulala kwa ruhusa na kulala lindoni. Leo twaeleza jinsi tofauti hiyo inavyolindwa katika programu za intaneti.

Tuchukue mfano wa kituo cha ulinzi huko Nkungu, Wilaya ya Rusizi, Rwanda, sehemu iliyokuwa Mkoa wa Cyangugu hadi 2006. Walinzi wana ubao mmoja wa amri. Ubao ukisomeka sifuri, hakuna kazi. Ukisomeka moja, watoke. Mlinzi ausoma sifuri, aenda kulala. Kabla hajajilaza, sajini aandika moja na kupiga filimbi. Hakuna aliyelala wa kuamshwa. Kisha mlinzi yule alala, na amri imekwisha kumpita. Filimbi haipigwi mara ya pili.

Msiba huo huzipata nyuzi, yaani mafungu ya kazi yanayokwenda sambamba na kutumia kumbukumbu moja. Kanuni za lugha ya JavaScript za mwaka 2017 zilileta dawa yake, Atomics.wait. Uzi hutaja thamani unayoitarajia. Kuitazama kumbukumbu na kujiandikisha katika orodha ya waliolala huwa tendo moja lisiloingiliwa. Thamani ikiwa imebadilika, uzi haulali. Waweza pia kuwekewa muda, ukiisha uamke wenyewe.

Anayeamsha hutumia Atomics.notify. Sharti aandike kwanza ubaoni, ndipo apige filimbi. Huamsha mmoja au wote, aliyetangulia kulala akitangulia kuamka, na hupewa hesabu ya walioamshwa. Naye aliyeamka ausome ubao upya, kwani filimbi peke yake si amri.

Uzi mkuu wa ukurasa hauruhusiwi kulala hivyo katika vivinjari. Huo ndio ofisa wa mapokezi. Akisinzia, raia hahudumiwi.

Ubao wa pamoja una hatari zake pia. Januari 2018 ilitangazwa kasoro ya Spectre katika vichakato vya kompyuta. Kwa kuwa kumbukumbu ya pamoja yaweza kutumiwa kama saa kali ya kupimia siri, vivinjari vikubwa viliifunga. Baadaye iliruhusiwa tena, kwa sharti la kuzitenga kurasa zisizoaminiana.

Basi, ndugu askari, kabla ya kulala, hakikisha jina lako limo katika orodha ya watakaoamshwa.