Kufaragua Zana za Kubadilishia Sili ya Injini

Neno "kufaragua" limezoeleka mno katika vyuo vya ualimu, hata baadhi ya wanachuo hudhani maana yake ni kutengeneza kitu hafifu kwa sababu kilicho bora hakipatikani. Kopo hukatwa, boksi hubandikwa gundi, jina la zana huandikwa juu yake kwa wino mwekundu, na mwanachuo hupewa alama zake. Swali moja haliulizwi: je, zana hiyo yaweza kuifanya kazi ya ile inayoiwakilisha? Katika makala haya tunakusudia kulitazama swali hilo kwa mfano usio na huruma, nao ni ubadilishaji wa sili ya oili katika injini ndogo. Zana ikiwa mbovu hapa, hakuna mkufunzi wa kuionea imani. Injini huvuja.

Mfano wenyewe tuliupata bustanini. Pampu yetu ya kumwagilia huendeshwa na injini ya petroli ya silinda moja, nayo ilianza kudondosha oili mahali injini inapoungana na pampu. Sili mpya ilinunuliwa dukani kwa bei ndogo. Zana maalumu za kuing'olea ile kuukuu na kuiingizia mpya hazikupatikana, na bei tuliyotajiwa ilishinda bei ya sili yenyewe mara nyingi. Tukashika bisibisi na nyundo, kama wafanyavyo wengi nyumbani. Baada ya siku mbili injini ikavuja kuliko awali. Tulipofungua tukakuta sili imekaa upande, na juu ya shafti pana mkwaruzo wa ncha ya bisibisi. Kosa lilikuwa letu wenyewe, na kwa muda wote huo wanachuo walikuwa wakichota maji ya mboga kwa ndoo kabla ya vipindi vya asubuhi.

Ili kuelewa tulivyokosea, hatuna budi kuijua sili. Ni pete ya chuma iliyovikwa mpira, yenye mdomo mwembamba upande wa ndani. Nyuma ya mdomo huo mna springi ndogo ya mviringo inayoubana mdomo juu ya shafti. Shafti ya injini ya namna hii yaweza kuzunguka hata mara 3,600 kwa dakika moja, na mdomo hauna budi kuigusa muda wote pasipo kuungua. Huwezekana kwa sababu kati ya mdomo na shafti hubaki utando mwembamba sana wa oili. Basi mkwaruzo mmoja unaokatiza chini ya mdomo hugeuka mfereji wa oili kutokea nje, hata kama sili ni mpya kabisa. Vilevile sili iliyokaa upande hubana shafti sehemu moja na kulegea sehemu nyingine.

Kwa hiyo zana tunazozitafuta zina kazi mbili tu. Ya kwanza ni kuivuta sili kuukuu pasipo kugusa shafti wala ukuta wa tundu inamokaa. Ya pili ni kuisukuma sili mpya kwa kani iliyoenea sawasawa katika ukingo wake wa nje, wala si katikati penye mdomo. Mwanachuo akikwisha kuzitaja kazi hizo mbili kwa maneno yake mwenyewe, aweza kutembea jikoni na nyuma ya karakana akaona zana zimejaa tele. Asipozitaja, ataiga umbo la zana aliyoiona katika picha, nasi tutarudi kule kwenye kopo na wino mwekundu.

Kabla ya lolote, injini na ipoe. Waya wa plagi uchomolewe ili injini isiwake mikono ikiwa kazini, na petroli iwekwe mbali na jiko. Oili ya injini imwagwe katika chombo chenye kifuniko, si ardhini. Kisha pampu na pangaboi lake vifunguliwe mpaka sili ya oili ionekane. Pampu ina sili yake nyingine ya kuzuia maji. Hiyo ni ya namna tofauti, nasi hatuizungumzii hapa.

Kwa kung'oa tulitumia msumari ulionolewa kwa tupa, skrubu mbili za mbao, koleo, na kipande cha ubao. Msumari hutoboa vitundu viwili vidogo katika bati la sili, vikikabiliana, kimoja kila upande wa shafti. Hapa pana hatari, maana nyuma ya sili mna beringi. Tulizungushia msumari utepe wa gundi, tukaacha ncha ya milimita 3 tu, ili mkono usipitilize. Wengine hutoboa kwa keekee, lakini keekee huacha vumbi la chuma, na vumbi hilo likiingia kwenye beringi huleta balaa kubwa kuliko uvujaji. Skrubu huingizwa katika kila kitundu, mizunguko michache tu, kisha hushikwa kwa koleo na kuvutwa, koleo likiegemezwa juu ya ubao. Huvutwa huku kidogo na kule kidogo, kwa zamu. Sili yetu ilitoka kwa mvuto wa nne, na bisibisi haikukaribia shafti.

Mkwaruzo tulioufanya siku ya kwanza tuliusugua kwa msasa laini sana uliolowana oili, tukizungusha msasa kufuata mviringo wa shafti, kamwe si kwa urefu wake. Ukucha ukipita juu ya shafti na kukwama, msasa hautoshi. Kwa bahati wetu haukukwama.

Sasa tufikie kusukuma. Juu ya sili nyingi huandikwa namba tatu, kwa mfano 25, 41 na 6. Namba ya kwanza ni kipenyo cha shafti, ya pili ni kipenyo cha nje cha sili, na ya tatu ni unene, zote kwa milimita. Sili ya namna hii huhitaji bomba ambalo kipenyo chake cha nje ni pungufu kidogo ya 41, na tundu lake ni kubwa kiasi cha kupitisha shafti bila kugusa mdomo. Kipande cha bomba la plastiki la maji chenye kipenyo cha nje cha milimita 40 hufaa vizuri. Jina la dukani lisiaminiwe, kwa sababu mabomba ya inchi hutajwa kwa tundu lake na ya milimita hutajwa kwa upana wake wa nje. Bomba lipimwe. Ambaye hana kalipa azungushe ukanda wa karatasi, apime urefu wake, kisha agawanye kwa 3.14. Bomba la milimita 40 litampa ukanda wa karibu milimita 126. Hilo nalo ni somo zima la hisabati ya duara, na watoto hulipenda kwa kuwa jibu likikosewa bomba halifai.

Mdomo wa bomba ukatwe kwa msumeno, kisha usuguliwe juu ya msasa uliotandazwa kwenye kioo mpaka uwe bapa kabisa. Usipokuwa bapa, sili itakaa upande kama ile yetu ya kwanza. Ubavuni mwa shafti mna mfereji wenye kingo kali zinazoweza kuuchana mdomo wa sili. Tuliuziba kwa ukanda laini wa plastiki uliokatwa katika chupa ya maji, tukauviringisha kama mkeka kuizunguka shafti, na sili ikateleza juu yake. Mdomo hupakwa grisi kwanza. Upande wenye springi huelekea ndani kwenye oili, na mwanachuo aseme hivyo kwa sauti kabla ya kusukuma, maana kosa hilo hulifanya hata mafundi. Kisha bomba huwekwa juu ya sili na kugongwa polepole kwa nyundo ya mti, mpaka sili iwe sawa na uso wa tundu. Tulichungulia pande nne kila baada ya magongo mawili au matatu.

Jambo jingine lilitushughulisha kuliko yote haya. Mwanachuo mmoja hodari aliuliza kwa nini tusifaragua na sili yenyewe, kwa kuikata katika mpira wa ndani wa baiskeli. Hatukumkemea. Tulikata vipande viwili vya mpira huo vilivyolingana, kimoja tukakitia katika kikombe cha oili ya injini, kingine tukakiacha kikavu. Baada ya siku chache kile cha kwanza kilikuwa kimevimba na kulegea, hata kisilingane tena na mwenzake. Mpira wa sili ni wa namna nyingine, uliotengenezwa kustahimili oili na joto. Hapo mpaka ulionekana wazi: chombo kinachogusa kazi kwa dakika 10 chaweza kufaraguliwa, bali kipuri kinachobaki ndani ya injini kinunuliwe. Jaribio hilo halihitaji injini, na laweza kufanywa katika darasa lolote.

Hata tendo la kusukuma laweza kufundishwa bila injini. Chukua ubao wenye tundu linalobana kidogo kifuniko cha chupa. Mtoto mmoja akisukume kifuniko kwa kidole upande mmoja, nacho kitapinda na kukwama. Mwingine akisukume kwa kipande cha bomba, nacho kitaingia wima. Waulizwe sababu kabla ya kuambiwa neno "kani".

Injini ilipowashwa tuliweka karatasi nyeupe chini yake kwa nusu saa, nayo ikabaki nyeupe. Iwapo ingedondoka tena, tungalichunguza kwanza tundu la kupumulia la injini, kwani likiziba, mgandamizo wa ndani huisukuma oili nje hata katika sili nzima. Kipande cha bomba tumekihifadhi pamoja na skrubu zake na ule msumari, na ubavuni tumekiandika 25-41-6 kwa wino usiofutika, ili wanachuo wa mwaka ujao wasikidhanie kuwa takataka.