Orodha ya majina inavyofunga mlango wa tarakilishi

KARANI akihamishwa kutoka Voi hadi Taveta, meza yake hupewa mwingine mara moja. Jina lake katika tarakilishi ya ofisi ya zamani, hata hivyo, laweza kubaki likifanya kazi kwa miezi mingi bila yeyote kulikumbuka.

Taita Taveta ni kaunti ambayo ofisi za umma zimetawanyika Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, na kutoka Voi hadi Taveta ni zaidi ya kilomita 100. Msimamizi wa mitambo hawezi kumjua kila anayeingia kwa sura.

Dawa mojawapo, ya zamani na isiyo na gharama, ni faili ya maandishi matupu yenye majina ya watumiaji, jina moja kila mstari. Katika mitambo ya Linux, faili hiyo husomwa na kijiprogramu kiitwacho pam_listfile kabla mtu hajafunguliwa, hata kama neno lake la siri ni sahihi.

Orodha ni za aina mbili. Kuna ya waliokatazwa, ambapo asiyetajwa hupita, na ya walioruhusiwa, ambapo asiyetajwa hurudishwa mlangoni. Mkanganyiko si haba: faili kongwe ya ftpusers, ambayo jina lake ladhaniwa kuwa la watumiaji, kumbe ni ya wanaozuiwa.

Orodha ya walioruhusiwa ndiyo salama zaidi. Haimwondoi karani aliyehama mpaka mstari wake ufutwe, lakini ni fupi, na mkuu wa ofisi aweza kuisoma kwa dakika moja na kuuliza huyu bado yupo kwa nini.

Ipo mitego. Msimamizi huamua mapema kitakachotokea faili ikikosekana: wote wapite, au wote wazuiwe. Akichagua la pili kisha akakosea jina la faili, hujifungia nje yeye mwenyewe. Ndiyo maana wazoefu huacha dirisha moja likiwa wazi wanapofanya majaribio. Pia, faili isiwe ya kuandikwa na kila mtu, la sivyo pam_listfile huikataa.

Mtego mwingine huwapata hata mafundi. Anayeingia kutoka mbali kupitia SSH kwa ufunguo wa kidijitali haulizwi neno la siri, hivyo huruka hatua ya kuthibitisha nywila. Orodha iliyowekwa kwenye hatua hiyo pekee haimgusi. Yafaa iwekwe kwenye hatua ya kukagua akaunti, ambayo hairukwi.

Lakini orodha hulijua jina tu, haimjui mtu. Katika kashfa ya Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) ya mwaka 2015, iliyohusu Sh791 milioni, ilidaiwa kwamba nywila za maafisa zilitumiwa kuidhinisha malipo katika mfumo wa fedha wa serikali, IFMIS. Mwenye nywila ya afisa aliyeruhusiwa angepita orodha yoyote.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 humtoza anayevunja ulinzi na kuingia bila idhini faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Tena, orodha husomwa wakati wa kuingia tu. Aliyekwisha kuingia haondolewi kwa kufutiwa jina. Msimamizi hana budi kumkatia mawasiliano mwenyewe.