Mshindwa Anapompongeza Mshindi
Nchini Marekani hakuna sheria inayomlazimu mgombea urais aliyeshindwa kukiri hivyo. Hotuba yake haiongezi wala kupunguza kura hata moja. Hata hivyo, desturi ya kumpongeza mshindi ina zaidi ya karne: mwaka 1896 William Jennings Bryan alimpelekea William McKinley telegramu ya pongezi siku mbili baada ya uchaguzi. Baadaye zikaja redio na televisheni.

Kisa cha Al Gore ndicho cha aina yake. Usiku wa uchaguzi wa mwaka 2000 alimpigia simu George W. Bush kumpongeza. Akiwa njiani kwenda kuhutubia wafuasi wake mjini Nashville, akaarifiwa kuwa pengo la kura za Florida limepungua mno. Akapiga tena, safari hii kuzifuta pongezi zake, na Bush, si ajabu, hakufurahi. Mahakama ya Juu ilipokomesha kuhesabu upya kura za Florida tarehe 12 Desemba, Bush alikuwa mbele huko kwa kura 537 tu. Siku iliyofuata Gore alilihutubia taifa: hakukubaliana na uamuzi huo, lakini aliupokea.

Mwaka 2020 Donald Trump alikataa kukiri kushindwa. Joe Biden aliapishwa vilevile, Januari 20, 2021, bila Trump kuhudhuria.