Kwa Nini Dola Iliyokwisha Kushindwa Huendelea Kupigana?

Aghalabu watu wanapozungumza barazani juu ya vita vikuu, husema kuwa taifa fulani lilisalimu amri kwa sababu ya uoga, na taifa jingine likaendelea kupigana kwa sababu ya ushujaa. Maneno haya ni mepesi kuyasema, lakini mwenye kuisoma tarikh kwa makini hayakubali. Wajerumani wa mwaka 1918 hawakuwa watu wengine mbali na Wajerumani wa mwaka 1945. Katika vita vya kwanza wakuu wao waliomba amani hali majeshi yao yangali yamesimama katika ardhi ya Ufaransa na Ubelgiji; katika vita vya pili walipigana mpaka Warusi wakaingia Berlin mtaa kwa mtaa. Damu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni wale walioshika hatamu, na kile walichokitazamia baada ya kushindwa. Mwaka 1918 yalikuwako masharti ya amani aliyokwisha kuyatangaza Rais Wilson wa Marekani, nao wakayashikilia kama mtu ashikavyo kamba kisimani. Mwaka 1945 Hitler alijua kuwa hapana sulhu yoyote itakayomwacha yeye salama.

Lakini mfano ulio bayana zaidi ni wa Japani, na huo baadhi ya babu zetu waliuona kwa macho yao. Askari wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa walipelekwa Burma, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikateremka bonde la Kabaw katika mvua na matope, hata mwezi wa Desemba ikauvuka mto Chindwin. Walikutana na adui mwenye njaa na maradhi, aliyekwisha kuvunjika, na bado hakujitoa. Waliotekwa walikuwa wachache mno.

Sababu moja inajulikana. Mwezi wa Januari 1941, Tojo alipokuwa Waziri wa Vita, askari wa Japani walipewa kitabu cha adabu za vita kinachowakataza kutekwa wakiwa hai. Lakini kitabu hakiendeshi vita. Walioviendesha ni watu wachache mjini Tokyo, nao walijua kuwa wameshindwa.

Walijua tangu lini? Tangu Julai 1944, kisiwa cha Saipan kilipotekwa na serikali ya Tojo ikaanguka mwezi huo huo. Kutoka visiwa vile ndege za Marekani ziliweza kuifikia Japani yenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945 Tokyo ilichomwa moto, wakafa watu wapatao 100,000 katika usiku mmoja. Mwezi wa Aprili Wamarekani wakashuka Okinawa. Mwezi wa Juni ikaanguka. Basi baina ya kujua na kukiri ulipita mwaka mzima na zaidi.

Wakuu wale walikuwa na matumaini mawili. La kwanza, kuwa katika pigano moja la mwisho, katika fukwe za nchi yao wenyewe, wataimwaga damu ya Wamarekani kwa wingi hata Marekani ichoke na kukubali sulhu yenye masharti. La pili, kuwa Urusi, waliyofanya nayo mkataba wa kutopigana mwezi wa Aprili 1941, itawasuluhisha. Hawakujua kuwa huko Yalta, mwezi wa Februari 1945, Stalin alikwisha kuwaahidi wenziwe kuingia vitani miezi miwili au mitatu baada ya Ujerumani kushindwa. Walikuwa wakimwomba msaada mtu aliyekuwa akinoa kisu.

Na juu ya hayo palikuwa na suala la Mfalme. Tangu mkutano wa Casablanca, Januari 1943, Washirika walitaka adui asalimu amri pasi na sharti lolote. Tangazo la Potsdam la tarehe 26 Julai 1945 halikumtaja Mfalme wa Japani kwa wema wala kwa ubaya, na kwa wakuu wa Tokyo Mfalme ndiye roho ya dola. Waziri Mkuu Suzuki, mzee wa miaka 77, akawajibu waandishi wa magazeti kwa neno mokusatsu, ambalo kwa Kijapani huweza kuwa ni kunyamaza, au ni kupuuza kwa dharau. Washirika wakaishika maana ya pili. Watu wamebishana sana juu ya neno hili. Mimi sioni kuwa neno moja lingaliokoa miji miwili, maana nyuma yake palikuwa na baraza lisilokuwa na kauli moja.

Tarehe 6 Agosti bomu la atomiki likaangushwa Hiroshima. Tarehe 8 Urusi ikatangaza vita, na majeshi yake yakaingia Manchuria. Asubuhi ya tarehe 9 wakuu sita wakaketi kushauriana, na habari za Nagasaki zikawafikia wangali wameketi. Hata hapo hawakukubaliana. Watatu wakataka kulikubali tangazo kwa sharti moja tu, kuwa Mfalme abaki. Watatu wengine, naye Waziri wa Vita Anami akiwa miongoni mwao, wakaongeza masharti matatu: nchi isikaliwe na majeshi ya kigeni, jeshi lijivue silaha lenyewe, na wenye kutuhumiwa makosa ya vita wahukumiwe na Wajapani wenyewe. Msomaji na ayatazame vizuri masharti hayo. Yote ni ya kulinda heshima ya jeshi na shingo za wakuu wake. Hapana hata moja linalomhusu mama aliyelala na watoto wake juu ya majivu ya nyumba yake.

Usiku ule, katika handaki la jumba la kifalme, Mfalme Hirohito akatakiwa atoe rai yake, jambo lililokuwa kinyume cha desturi, akasema tangazo likubaliwe. Washirika wakajibu kuwa mamlaka yake yatakuwa chini ya Amiri wao Mkuu. Ubishi ukaanza upya, hata tarehe 14 Mfalme akaamua mara ya pili. Usiku huo maofisa vijana wakaliingilia jumba, wakamwua mkuu wa walinzi, wakaitafuta sahani ya santuri iliyonaswa sauti ya Mfalme wasiipate. Anami hakuungana nao, alfajiri akajiua. Adhuhuri ya tarehe 15 wananchi wakaisikia kwa mara ya kwanza sauti ya Mfalme wao katika redio, kwa lugha ya kifalme ambayo wengi hawakuielewa vyema, na hotuba yote haikuwa na neno la kusalimu amri.

Je, ni bomu au ni Urusi? Wenye elimu ya tarikh wanabishana hadi leo. Kwa rai yangu, Urusi iliua tumaini la mwisho, na bomu likawapa wakuu udhuru wa kukiri bila ya kusema kuwa jeshi lao limeshindwa.

Wala washindi hawakukosa sehemu yao. Waziri wa Vita wa Marekani, Stimson, alipendekeza mwezi wa Julai kuwa tangazo liahidi kuwaachia Wajapani ufalme wao. Maneno hayo yakafutwa kabla ya tangazo kutolewa. Kisha, vita vilipokwisha, wakamwacha Mfalme yule yule katika kiti chake, akakikalia mpaka alipofariki Januari 1989.

Ama wale askari ambao ilidhaniwa watapigana mpaka mtu wa mwisho, waliweka silaha chini kwa mamilioni, China, Malaya na Java, kwa kuwa aliyewaamrisha kufa ndiye sasa aliyewaamrisha kuishi. Wachache ambao amri haikuwafikia, au hawakuisadiki, walibaki misituni. Luteni Onoda alikaa katika kisiwa cha Lubang, Ufilipino, mpaka Machi 1974, na hakuikabidhi bunduki yake ila baada ya mkubwa wake wa zamani, aliyekuwa sasa muuza vitabu, kusafirishwa mpaka kisiwani na kumsomea kwa kinywa chake amri ya kuacha vita.