Je, Wajua? Mrufiji na makazi yake mawili

Je, wajua kwamba familia moja ya wakulima Rufiji huweza kuwa na makazi mawili ndani ya mwaka mmoja? Ya kwanza ni nyumba ya kijijini, kwenye ardhi ya juu, kama zile za kata ya Chumbi, kusini mwa Mto Rufiji. Ya pili ni dungu: kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, bondeni, katikati ya mpunga. Dungu hupandwa kwa ngazi. Humo watu hulala, hupika na kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori, nyani na viboko.

Je, wajua kwamba kabla ya mwaka 1968 Warufiji wengi waliishi bondeni kwenyewe, nyumba zikitawanyika kufuata mashamba? Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka huo ilikuja Operesheni Rufiji, miaka kadhaa kabla ya operesheni za vijiji za nchi nzima. Watu walikusanywa mlimani, nyumba zikasogeleana. Mashamba hayakuhama. Ndiyo maana dungu lipo hadi leo.

Je, wajua kwamba mafuriko hayohayo hulisha? Maji yakishuka huacha udongo wenye rutuba na unyevu, na mkulima hupanda mlau: mahindi, kunde na mazao mengine yanayokua bila kungoja mvua. Kumwambia mtu aliache bonde moja kwa moja ni kumwambia aache chakula chake.

Je, wajua kwamba sensa ya 2022 ilimhesabu kila mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti? Kaya moja Tanzania ilikuwa na wastani wa watu 4.3, kutoka 4.7 mwaka 2012. Lakini wastani hauonyeshi ni nani anayelala kijijini na nani yuko dunguni.

Je, wajua kwamba kwa sensa hiyo Mkoa wa Pwani, ilipo Rufiji, ulikuwa na watu wapatao 62 kwa kilomita moja ya mraba, wakati jirani yake Dar es Salaam ulikuwa na zaidi ya 3,000? Wastani huo wa Pwani unachanganya misitu, mikoko na mabonde yasiyo na nyumba. Ukisimama kwenye kijiji cha barabarani utaona kuta zinazokaribiana.

Je, wajua kwamba nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, korido katikati, baraza mbele na ua nyuma huweza kubeba familia moja kijijini, na wapangaji sita mjini, kila chumba kaya yake? Ramani ni ileile. Msongamano ni mwingine kabisa.

Je, wajua kwamba kwenye mipango miji, kiwanja cha ujazo wa juu ndicho kidogo kuliko vyote, na cha ujazo wa chini ndicho kikubwa? Anayepimiwa kiwanja aulize ukubwa wake kwa mita za mraba.

Je, wajua kwamba boriti za mikoko ya delta ya Rufiji zilivuka bahari kwa karne nyingi hadi Uarabuni? Kwenye nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu, urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, karibu mita tatu. Delta hii ina takriban hekta 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko mingine yote ya aina hiyo Afrika Mashariki.

Je, wajua kwamba Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003? Kabla yake magari ya kusini yalisubiri kivuko pale Ndundu. Barabara ikawa sababu mpya ya kujenga kwenye ardhi ya juu, karibu na lami na biashara.

Je, wajua kwamba Aprili 2024 maji yalizirudia Rufiji na wilaya jirani ya Kibiti, yakafunika makazi na mashamba? Wengi walilazimika kutafuta tena ardhi ya juu. Viwanja vya mlimani vinaokoa maisha, na vipimwe kwa haraka. Lakini mpango unaompa mkulima kiwanja bila kuilinda haki yake ya shamba na dungu bondeni umempa nusu tu ya makazi.