Idi ya Ugenini Haitimii kwa Sahani Peke Yake

Idi yetu ya kwanza mjini Maskati tuliisherehekea watu wanne, sisi wazazi na watoto wetu wawili, katika fleti ya vyumba viwili mtaa wa Ruwi. Ilikuwa ni miezi mitano tangu tuondoke Tanga. Alfajiri tulioga, tukavaa nguo mpya, tukajitia manukato, tukaenda kuswali na kurudi kwa njia nyingine kama Sunna inavyotufunza. Ilipofika saa mbili asubuhi, Idi ilikuwa imekwisha. Tambi na mkate wa sinia vilikuwa mezani, na hapana aliyepiga hodi. Watoto wetu, waliozoea kuzunguka nyumba kwa nyumba wakiamkia wakubwa na kupewa chochote, walikaa dirishani wakitazama barabara tupu. Mdogo akauliza, "Mama, Idi ya huku inaanza saa ngapi?"

Wengi waliotoka Afrika Mashariki kwenda kutafuta riziki Ghuba watalitambua swali hilo. Nchi ni ya Kiislamu, takbira zasikika, maofisi yamefungwa, na kila kihitajiwacho kwa Idi kipo sokoni. Kinachokosekana ni watu. Waomani wengi wa mjini hurejea vijijini kwao kuungana na jamaa, na mji huachiwa wageni, kila mmoja nyuma ya mlango wake.

Adhuhuri ya siku hiyo tulisikia hodi. Alikuwa ni jirani yetu wa ghorofa ya juu, bibi wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, mmoja wa wengi waliohamia Omani katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964. Mkononi alikuwa na bakuli la halua, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha Mji Mkongwe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mbona mmejifungia? Kwenu hakuna kuamkiana?"

Tukamjibu kwamba sisi ni wageni, hatukutaka kuwasumbua wenyeji. Akacheka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyinyi mna miezi mitano! Vaeni viatu."

Akatupitisha ghorofa kwa ghorofa. Tulimkuta mwalimu wa Kisudani na mkewe, familia ya Kihindi kutoka Kerala, na vijana wa Kimisri walioishi sita katika chumba kimoja. Kila nyumba ilikuwa imepika, na kila nyumba ilikuwa ikimngoja mgeni ambaye haji. Sote tulikuwa wapweke, tukitenganishwa na ukuta tu.

Mwaka uliofuata jamaa za bibi walitualika kijijini kwao, karibu na Nizwa, nasi tukaiona shuwa. Nyama hupakwa viungo, hufungwa kwa majani, hutiwa katika vikapu vya makuti, kisha huteremshwa katika shimo lenye makaa na kufukiwa usiku kucha, pengine hata siku mbili. Aghalabu shimo ni moja kwa mtaa mzima. Kila nyumba hutia alama kikapu chake, na shimo hufukuliwa wote wakiwapo. Hicho si chakula awezacho mtu kukipika na kukila peke yake.

Tuliporudi mjini tuliamua kwamba Idi pili nyumba yetu itakuwa wazi. Wakaja wanaume walioacha wake zao Mombasa na Khartoum, wakaja wauguzi na madereva, kila mmoja na chungu chake. Mwaka 2023 Saudia na Dubai walisherehekea Idi al-Fitri Ijumaa ya tarehe 21 Aprili, nasi Omani tukasherehekea Jumamosi. Basi tuliwapigia marafiki wa Dubai kuwapa mkono wa Idi ilhali sisi tungali tumefunga, na kesho yake wakatupigia wao. Tulijiona kwamba tumeufahamu ujirani.

Hata hivyo, palikuwa na mlango mmoja ambao hatukuupiga hodi kama ipasavyo. Katika fleti iliyoelekeana nasi alikuwako binti wa kazi kutoka kwetu mkoani Tanga. Kila Idi tulimpelekea sahani iliyofunikwa vizuri, tukaona tumetimiza wajibu. Mwaka wa tatu tulikutana naye penye pipa la taka. Akashukuru, kisha akasema taratibu, "Dada, chakula chenu hunifikia. Lakini tangu nije huku sijapata kuswali Idi."

Tuliona haya. Hatukuwa tumemwombea ruhusa kwa sababu tuliogopa kukataliwa, na woga huo tuliuita adabu. Ilhali katika Hadithi ya Ummu Atiyya tunasoma kwamba Mtume (S.A.W.) aliamuru wanawake watolewe kwenda uwanja wa Idi, hata mabinti wa ndani, hata wenye hedhi, ambao hujitenga na swala lakini hushuhudia kheri na dua ya Waislamu. Ikiwa hao hawakuachwa nyuma, nani aliyetupa sisi idhini ya kumwacha huyu jikoni?

Tukamchukua bibi, tukaenda kwa mwajiri wake. Mwenye nyumba alisita, kwani siku hiyo hupokea wageni wengi. Bibi alizungumza naye Kiarabu kwa upole mpaka wakakubaliana kwamba binti ataswali na kurudi, na Idi pili atakula nasi mpaka Alasiri. Mazungumzo hayo hayakuzidi robo saa. Kwa robo saa hiyo, binti wa watu alikuwa amezikosa Idi kadhaa.

Leo tumerejea Tanga. Tunawaomba wasomaji wenye jamaa Ghuba, wanapopiga simu siku ya Idi, wasianze na kuuliza fedha zitatumwa lini. Waulize, "Umeswali na nani? Umekula na nani?" Na kabla ya kuwalaumu waajiri wa mbali, kila mmoja wetu atazame jikoni kwake. Binti aliyetoka kijijini kuja kutulelea watoto, je, asubuhi ya Idi atakuwa uwanjani pamoja nasi, au atabaki akichochea moto wa pilau yetu?

Mwenyezi Mungu atutakabalie sisi na nyinyi. Amin.