Je, Wajua? Mfalme wa Ngano Aliyeishi Miaka 93

Je, wajua kuwa kuna mkulima aliyeshinda ubingwa wa ngano wa dunia mara 5? Jina lake Seager Wheeler. Shamba lake aliliita Maple Grove, nalo lilikuwa karibu na mji mdogo wa Rosthern, katika nyanda za nyasi za Saskatchewan, Kanada.

Na huko nyandani hakuzaliwa! Alizaliwa Januari 1868 kwenye kisiwa cha Wight, Uingereza, akakua akisikia mawimbi. Mwaka 1885, akiwa na miaka 17 tu, akavuka bahari kwenda eneo lisilo na bahari upande wowote.

Hebu pigia hesabu hii. Nchi ya Kanada iliundwa Julai 1867, kwa hiyo ilikuwa na umri wa miezi 6 tu Wheeler alipozaliwa. Saskatchewan nayo ikawa mkoa mwaka 1905. Mzee huyu alikuwa na umri mkubwa kuliko mkoa wake!

Unajua ukubwa wa mkoa huo? Ukiuchukua peke yake, unaizidi Kenya nzima.

Na ardhi ilikuwa bei gani? Shikilia kiti. Kwa sheria ya mwaka 1872, mhamiaji alilipa ada ya dola 10 akaandikishiwa ekari 160. Masharti yalikuwa aishi hapo, ajenge na alime kwa miaka 3, ndipo apewe hati. Lakini hapo hapakuwa pori tupu: watu wa asili, Wakrii na wenzao, walikuwa wakiwinda nyati kwenye nyanda hizo kwa vizazi na vizazi.

Miti ya kujengea ilikuwa adimu. Basi watu wakaikata ardhi yenyewe! Waling'oa mapande ya udongo yaliyoshikwa na mizizi ya nyasi, wakayapanga kama matofali, wakalala humo ndani. Nje baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri.

Sasa njoo kwenye ngano. Katika maeneo yale mkulima ana takriban siku 100 tu zisizo na jalidi. Ngano ikichelewa wiki moja, baridi inaikuta shambani na mwaka mzima umepotea. Wiki moja, ndugu yangu!

Aliyeleta nafuu alikuwa Charles Saunders, mtu aliyewahi kufundisha uimbaji. Je, wajua alipimaje ubora wa ngano? Aliitafuna! Alitia punje kinywani, akatafuna mpaka ikawa ulimbo, na kwa mnato wake akajua kama itatoa mkate mzuri. Hivyo ndivyo alivyoiteua mbegu ya Marquis, iliyokomaa siku 7 hadi 10 mapema kuliko mbegu iliyozoeleka.

Na mzazi mmoja wa Marquis alitoka wapi? India! Ilikuwa ngano nyekundu ya Calcutta, iliyochanganywa na ngano ya Red Fife. Kufikia mwaka 1920, karibu asilimia 90 ya ngano ya nyanda za Kanada ilikuwa Marquis.

Turudi kwa Wheeler, maana hapa ndipo utamu ulipo. Mwaka 1911 alipeleka Marquis yake kwenye maonyesho makubwa ya New York. Ikashinda, akazawadiwa dola 1,000 za dhahabu! Watu wakadhani ni bahati. Akashinda tena 1914, akashinda 1915, akashinda 1916, na mwaka 1918, akiwa na miaka 50, akashinda mara ya 5.

Siri yake? Macho na vidole. Alipita shambani kabla ya mavuno akitafuta suke moja lililowazidi wenzake: bua imara, punje zilizojaa, limekomaa mapema. Alilichuma kwa mkono, akazipanda punje zake pembeni, mwaka uliofuata akachagua tena katika watoto wake. Kwa njia hiyo alipata mbegu mpya kabisa, zikiwamo Red Bobs na Kitchener. Fikiria subira hiyo: kusimama katikati ya mamilioni ya masuke na kutafuta moja!

Tena hakuishia kwenye ngano. Watu waliamini baridi ya pale hairuhusu matunda. Yeye akapanda miti ya kukinga upepo, na nyuma yake akaotesha matufaha, plamu na cheri. Kwangu mimi hili linashinda hata ile dhahabu. Hapo hapo yeye na mkewe walilea watoto wao.

Mwaka 1919 akatoa kitabu cha kuwafundisha wakulima wenzake mbinu zake. Mwaka 1943, akiwa na miaka 75, akatunukiwa nishani na Mfalme wa Uingereza. Akafariki Desemba 1961. Aliyefika nyandani enzi za jembe la farasi akaondoka duniani mwaka ambao binadamu wa kwanza alizunguka angani!

Unadhani hayo yote ni ya mbali? Kilimo cha nyanda za Kanada kilifika mpaka Hanang, Tanzania. Kanada ilisaidia kuanzisha mashamba 7 makubwa ya ngano, yenye mashine kama za Saskatchewan. Ngano ilipatikana, lakini wafugaji Wabarbaig walipoteza malisho yao na makaburi ya wazee wao yakalimwa. Hilo nalo lijue.

La mwisho hili hapa. Mwaka 1916 ugonjwa wa kutu ya ngano uliangamiza takriban busheli milioni 100 katika nyanda za Kanada, na busheli moja ni kilo 27! Miaka ya 1990 ikielekea ukingoni, kutu mpya kali ikaonekana Uganda. Wataalamu wa Kanada wakapeleka mbegu zao zikapimwe wapi? Njoro, Kenya! Ukipita barabara ya Nakuru kwenda Njoro, jua kwamba katika udongo ule ngano ya akina Wheeler imekuja kufanyiwa mtihani.